Kichwa cha Fundi

Ulikuwa ule mwaka tuliokula unga wa njano. Waliokuwepo wanajua. Sembe nyeupe ilipotea madukani kama imeitwa na mganga, ukaja unga wa msaada wenye rangi ya manjano bivu. Ukiusonga unanuka gunia, ukiumeza unakukaba kooni kama unakuuliza una haraka gani. Watoto waliulilia. Wanaume waliula wamefumba macho. Mimi niliula na dagaa, kwa mkono huu huu wa kulia, halafu nikaenda kubisha hodi kwa Fundi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kumwomba anifundishe kusuka.

Hakuniuliza jina. Hakuniuliza kabila wala nimetoka wapi, ingawa Kusini kwetu kulikuwa bado kunaning'inia mdomoni mwangu. Alinishika mkono akaunusa kama mtu anayechagua samaki.

"Umekula nini?"

"Ugali, mama."

"Na nini?"

"Na dagaa."

"Kichwa cha mtu si sahani. Nenda uani ukanawe kwa ndimu na majivu. Mkono ukiwa bado unanuka, usirudi humu ndani, toka moja kwa moja uende kwenu."

Nilinawa mpaka ngozi ikanichonyota. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyolisha wanangu na kunijengea nyumba yangu mwenyewe, na ndivyo nilivyoingia kwa mwanamke ambaye mpaka leo sijui kama alinipenda au alinivumilia. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake lina watu wake wa kulitaja.

Saluni yenyewe msiifikirie kama hizi za wajukuu zangu, zenye viti vya kuzunguka na muziki wa kupasua masikio. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili: kigoda kimoja, mkeka, kioo kilichopasuka pembeni, jiko la mkaa, na chanuo la chuma la kuchomea nywele. Kibao mlangoni hakuwa nacho. "Kibao kinaita mteja mmoja na wakaguzi watatu," alikuwa akisema.

Sasa kuna jambo wasichana wa leo hawalijui, na bila kulijua hawatanielewa. Pale mtaani kwetu siku zile msusi hakuwa na cheti cha kutundika ukutani. Cheti chako kilikuwa kichwa cha aliyekufundisha. Ukishaiva, fundi wako anakaa barazani mchana kweupe, mbele ya wapita njia, anavua kitambaa, anakwambia, "Haya, nisuke." Unamsuka. Kina mama wanapita, wanainama kisogoni kukagua njia kama zimenyooka, wanaguna, wanaendelea na safari yao ya sokoni. Akisimama pale, wewe ni msusi. Tuliita kupewa kichwa. Asiyepewa, hata awe na vidole vya malaika, wanawake walimuuliza neno moja tu: kama fundi wako mwenyewe hakukuamini, mimi nikuamini kwa lipi?

Na Fundi hakuwahi kumpa mtu kichwa. Waliojifunza kwake kabla yangu waliondoka mikono mitupu, mmoja akaishia kuuza vitumbua. Kilemba chake alikifunga asubuhi kabla hatujafika na alikifungua baada ya sisi kuondoka. Joto la Januari lilitutoa sisi jasho mpaka kwenye magoti, yeye kilemba kiko pale pale. Mtaani walisema ana kipara. Wengine walisema dawa zake mwenyewe zimemla utosi. Muuza kahawa mmoja aliapa kwamba Fundi ana kovu la panga. Mimi nilisikiliza yote, nikasema moyoni, huyu mama ana kitu anakificha, na mimi nitakijua. Nilikitaka kile kichwa kuliko nilivyotaka kuolewa.

Kufundisha kwake hakukuwa kufundisha. Alifunga tita la katani kwenye nondo ya dirisha akaniambia nisuke hilo. Nikasuka katani mpaka vidole vikatoka damu. Nikimuuliza hapa nifanyeje, ananijibu, "Macho uliyopewa ni ya kulilia tu?" Nikikosea hasemi. Anakuja, anafumua yote, anaondoka zake. Kwa hiyo nikawa na hakika kwamba kuna hatua ananificha. Mafundi wa siku zile walikuwa hivyo, wanakupa tisa wanakalia ya kumi.

Nilimshuku zaidi kwenye kuchoma nywele. Chanuo likishakolea moto, Fundi alilitoa kwenye mkaa, akageuka akaelekea ukutani, akainama, mabega yakacheza kidogo, halafu ndipo akarudi kwa mteja. Kila mara. Nikasema, hapo ndipo penye siri. Anasoma kisomo. Analipulizia chanuo dawa. Ndiyo maana kwake hapaungui kichwa cha mtu, na mimi nikijaribu kwenye katani panawaka kama kibiriti. Siku moja nikajificha nyuma ya pazia la chumba cha pili nione. Nikamwona. Alikuwa anatema mate. Chuma kikilia "chsss" ndefu, bado moto mno. Kikilia fupi, tayari. Basi. Aliona aibu tu kutema mate mbele ya mke wa mtu aliyekuja na gauni la kwenda harusini. Nilicheka nyuma ya pazia mpaka akanivuta sikio.

"Umeona ulichokuwa unakitafuta?"

"Nimeona, Fundi."

"Na wewe ukitema, uteme kwa adabu."

Lakini msidhani shuku ilikuwa yangu peke yangu. Yeye alinishinda. Mteja akija na mafuta yake mwenyewe, Fundi aliyanusa, akajipaka kwanza mgongoni mwa mkono, akangoja. Mteja akisifia sana, alimpunguzia maneno siku hiyo: "Anayekusifia kabla hujamaliza anataka kitu." Na nywele zilizoanguka! Hakuna nywele iliyolala kwenye sakafu ya Fundi. Kila mteja aliviringishiwa zake kwenye karatasi akapewa mkononi kabla hajavaa viatu. "Chukua vyako, mama. Ukiumwa kichwa keshokutwa usije ukanitaja." Wako waliogeuza kigoda kuhakikisha hakuna unywele uliobaki. Hakuwakasirikia hao, aliwaheshimu. Asiyeangalia ndiye aliyemtilia shaka. "Yule hana adui? Mtu asiye na adui ndiye adui mwenyewe."

Kuendesha saluni wakati ule ilikuwa kama kubeba maji kwa kikapu. Mafuta ya madukani yaliadimika, tukawa tunakuna nazi na kupika mafuta yetu uani, machicha tukayarudishia kwenye kisamvu. Chumba kikanukia chakula hata wateja wakawa wanaondoka na njaa. Sabuni tuliipangia foleni toka alfajiri, mimi na ndoo yangu, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Maji yalikatika kichwa kikiwa na povu. Na kubwa kuliko yote, mimi mwenyewe sikutakiwa kuwepo. Kumweka mtu akufanyie kazi lilikuwa neno baya, ungeitwa mnyonyaji kwenye mkutano wa mtaa. Kwa hiyo balozi wetu wa nyumba kumi alipopita kukagua, mambo yalikuwa hivi:

"Fundi, huyu binti ni nani?"

"Mpwa wangu."

"Na yule wa mwaka jana?"

"Mpwa wangu."

"Na yule mweupe aliyeondoka na vitumbua?"

"Mpwa wangu pia."

"Una dada wangapi wewe?"

"Mama yetu alikuwa na bidii, balozi. Keti kwenye mkeka, mkeo namalizia kisogo sasa hivi."

Balozi akaketi. Angefanyaje?

Kuna siku vijana wa chama walipita Kariakoo wakisema nywele za kuchoma ni kasumba, mwanamke wa taifa huru hachomi nywele afanane na Mzungu. Kigodani alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, nusu ya kichwa imenyooka, nusu bado. Vijana walipobisha hodi, chanuo lilikuwa limelala ndani ya sufuria ya maharage, mwalimu amefungwa kanga mpaka kwenye nyusi, na Fundi anasuka kichwa changu mimi, polepole, kama mtu aliyeanza toka jana. Wakanusa nusa. Kijana mmoja akasema, "Mbona humu mnanuka nywele za kuungua?" Fundi akamjibu, "Tumeunguza maharage, baba. Karibuni mle." Wakaondoka. Mwalimu akaenda kufundisha na nusu kichwa, kilemba juu, mpaka mambo yalipotulia.

Walipokwisha kupotea kona, Fundi hakucheka. Alinigeukia. "Nani kawaita?"

"Mimi sijui, Fundi."

"Sikusema wewe. Nimeuliza nani."

Lakini tangu siku hiyo alikoma kunituma bombani peke yangu, na nikiongea na mtu mlangoni alikohoa. Iliniuma. Mimi, niliyekubali kuwa mpwa wa mtu nisiyemjua! Ndipo na mimi nikaanza kujiuliza: mbona chanuo liliingia kwenye maharage kabla hodi haijapigwa? Yeye alijuaje? Nilikaa na hilo kama mwiba wa samaki. Kila mmoja akawa anamtazama mwenzake kupitia kile kioo kilichopasuka.

Sasa nije kwa mke mwenza. Mume wa Fundi alikuwa na mke mwingine anayekaa Ilala na kukaanga samaki Feri. Mume mwenyewe sina la kumsema, alikuwa mtu wa kikofia na redio begani. Lakini wale wake wawili, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba hawapikiki chungu kimoja. Fundi alinunua kanga kwa ajili ya maneno yake tu, akaivaa siku ambayo mwenzake angepita. Wiki inayofuata mwenzake naye alijibu kwa kanga yake. Kwenye misiba walikaa pembe mbili za mkeka. "Yule mwanamke," Fundi alisema akiwa na kichwa cha mtu magotini, "ananuka kikaango mpaka kwenye kope. Ukimwona, vuka barabara. Samaki wake usile." Wateja walifurahi sana. Nadhani wengine walikuja kusikiliza tu.

Basi siku moja adhuhuri nilikuwa uani nakuna nazi, yeye anatawadha kwa ajili ya sala, mgongo kanipa, kanga imetundikwa kamba kama pazia. Kanga ikaanguka. Alikuwa amesukuma kilemba mbele ili apake maji kichwani. Nikakiona kisogo.

Hakuwa na kipara. Hakuwa na kovu. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, na zilikuwa zimesukwa. Msuko wa twende kilioni, nyembamba, zimelala kama safu za mkeka, njia zimenyooka hata sindano ingeteleza. Ncha zake zilifungwa uzi kwa fundo dogo, kavu, ambalo sisi hatukulifunga. Msusi anaujua mkono wa msusi kama karani anavyojua mwandiko. Mkono ule haukuwa wake, kwani hakuna mtu anayejisuka kisogo namna ile. Haukuwa wangu. Kulikuwa na mtu. Kuna mtu Fundi alimpa kichwa, tena si mara moja, kila wiki, na alitunyima sisi tuliotoka damu kwenye katani.

Nilihisi kama mke aliyekuta shati la mumewe limepigwa pasi na mkono mwingine.

Nikawa mpelelezi wa visogo. Kwenye foleni ya sukari sikutazama mbele, nilitazama shingo za wanawake. Kwenye soko jipya, lile la zege, lililokuwa bado linanukia saruji, niliinama kwenye mafungu ya nyanya kumbe nakagua aliyeinama mbele yangu. Hapana, hapana, hapana. Mpaka siku nilipotumwa mjini, nikapitia Feri. Nikamwona binti anapita na sinia la samaki kichwani, na chini ya kata yake, kisogoni, njia zile zile. Fundo lile lile. Nikamfuata mpaka kwenye kikaango cha mama yake. Mama yake alikuwa mke mwenza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu samaki, changu huyu, anatoka mafutani sasa hivi."

"Mama, samahani. Wewe ndiye unayemsuka Fundi?"

Hakushtuka. Aligeuza samaki. "Fundi gani?"

"Fundi wa Mtaa wa Sikukuu. Mwenzio."

"Mwenzangu? Yule mchawi? Nani kakwambia mimi nakanyaga kwake?"

"Nimeziona nywele."

"Nywele zina mdomo?" Binti yake akaanza kucheka, mama akamkata jicho. "Sikiliza, mtoto wa watu. Nunua samaki au nipishe, unanizibia upepo."

Nikanunua. Niliporudi, Fundi alikuwa mlangoni, pua imesimama.

"Unanuka samaki."

"Nimetoka Feri."

 Mimi nikamtazama. Nilingoja matusi, nilingoja kufukuzwa.

"Walikuwa wazuri?"

"Wazuri, Fundi."

"Basi kanawe, wateja wanangoja."

Na hapo pakafungwa. Yule aliyeninusa mkono kwa ajili ya dagaa, kichwa chake mwenyewe alikiweka chini ya mikono inayoshinda kwenye mafuta ya samaki! Nimeligeuza jambo hilo miaka yote hii. Labda ugomvi wao ulikuwa wa kumchezea mume, maana mume akijua wake zake wanapendana anaona amezungukwa. Labda walianza kwa kuchukiana kweli, siku moja mmoja akaumwa, mwenziwe akamfumua nywele, basi. Au labda walichukiana hadi mwisho na bado walisukana. Nimewaona wanawake wa namna hiyo pia. Ukimuuliza Fundi alikwambia, "Vuka barabara ukimwona."

Nilipoiva aliniambia nimeiva. Aliniambia hivyo tu, akiwa anapepea mkaa: "Wewe sasa nenda zako. Huku wawili hatutoshi." Hakuketi barazani. Hakuvua kitu. Nikaondoka Kariakoo nikapanga chumba Ilala, nikaweka kigoda changu na kioo changu kizima, nikakaa. Nikakaa sana. Wanawake walipita, wakachungulia, wakauliza, "Umejifunza kwa nani?" Nikiwajibu, wanatabasamu: "Aah, kwa Fundi! Kakukalia lini?" Nikikaa kimya, wanakwenda. Mmoja alinitania mbele ya watu, "Mpishi asiyeonja chakula chake ni wa kuogopwa, na wewe mpishi wako hakukuonja kabisa." Nilikuwa nimeshazaa, watoto wangu walikuwa wadogo, baba yao alikuwa wa barua na ahadi. Kigoda kile kingebaki kitupu, mimi ningerudi Kusini na aibu yangu. Hiyo ndiyo bei ya kichwa kimoja kufungwa kilemba.

Hakikubaki kitupu, mnaona nyumba yangu. Waliokuja kukaa wakaufungua mlango walikuwa mabinti wawili wa mke mwenza. Waliingia mchana, kina mama wa Ilala, waliojua kwamba hao ni watoto wa mume wa Fundi, wanaangalia, wakavua vitambaa. "Dada, tusuke." Jirani mmoja akawauliza kwa nini wamenichagua mimi. Mkubwa akajibu kwa sauti ya kufika barabarani, "Huyu ni wa kwetu." Tangu siku hiyo sikulala njaa. Nikawauliza baadaye, nani kawatuma? "Hakuna, dada, tumekuja wenyewe." Lakini yule mdogo alimtazama mwenzake kwanza ndipo akajibu, na mtoto asiyetumwa haombi ruhusa kwa macho. Nilimshuku Fundi. Bado namshuku. Sikupata kumuuliza, maana walipokuja wale mabinti ilikuwa ni baada ya siku ninayotaka kumalizia nayo, na baada ya siku hiyo mimi na yeye hatukuonana tena.

Mama yao alikuwa amekufa, homa ya ghafla, alizikwa siku hiyo hiyo. Msibani Fundi alikaa pembe yake ya mkeka, kama kawaida, hakulia, watu wakasema moyo wake jiwe. Matanga yakapita. Arobaini ikapita. Ndipo nikaenda Mtaa wa Sikukuu, sitadanganya, si kwa kumpa pole tu. Nilikwenda nikiwaza, sasa yule mtu hayupo. Sasa atahitaji mkono.

Mlango wa saluni ulikuwa umerudishiwa. Nikapiga hodi, nikaingia hadi chumba cha ndani. Alikuwa ameketi mkekani bila kilemba. Mara ya kwanza kumwona hivyo ana kwa ana. Nywele zilikuwa zile zile alizosukwa na mwenzake kabla hajafa. Hakuzifumua. Zilikuwa zimechakaa, zimetoka manyoya, na chini yake zimeota mpya, nyeupe, kiasi cha unene wa kidole. Mikono yake ilikuwa magotini, haifanyi kitu, na mikono ile sikuwahi kuiona haifanyi kitu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja."

"Nimekuja. Fundi, hizi zimekwisha. Zitakukata nywele. Niruhusu nifumue."

 Nikapiga magoti nyuma yake, nikachukua kitana, lakini sikumgusa. Msusi haanzi bila kuambiwa.

"Kichwa hiki kilikuwa na mtu wake," akasema. "Sikupi wewe, simpi mwingine."

Ningenyamaza, lakini nilikuwa na watoto. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia kigoda changu kitupu, wanawake wananicheka, wananiuliza kakukalia lini. Nikamwambia sitaki kichwa kizima, nataka mstari mmoja, tutoke barazani wapita njia watuone, mstari mmoja tu halafu afunge kilemba chake. Nikamwambia, "Mimi nimekuwa mpwa wako, Fundi. Mbele ya balozi nimekuwa mpwa wako." Na nililia, mimi nisiyelia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageuka akaninusa mkono, nikadhani amekubali. Akaurudisha taratibu magotini kwangu, akauacha hapo, akageuka tena akatazama ukuta.

"Kichwa hiki kilikuwa na mtu wake. Sikupi wewe, simpi mwingine."